Barua kwa mwanangu kuhusu vinyago na sanamu

Malindi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, na mama yako amenisomea mara mbili. Unaniomba niviteketeze vinyago vyote vilivyomo karakanani, kwa kuwa mhubiri wenu huko Nairobi amefundisha kwamba nyumba yenye kitu cha kuchonga ina sanamu ndani yake. Sikukasirika. Nilifurahi kuona kwamba mtoto wangu anaogopa kumkosea Mungu, nikakaa na maneno yako siku tatu kabla ya kushika kalamu.

Amri iliyo katika Kutoka 20 inakataza kujifanyia sanamu ya kuchonga, na aya inayofuata inaeleza sababu: tusivisujudie wala kuvitumikia. Katika kitabu hichohicho, Mungu alimjaza Bezaleli roho yake ili afanye kazi ya dhahabu, ya mawe na ya miti, tena akaagiza makerubi yawekwe juu ya sanduku la agano. Kwa hiyo tezo na patasi hazina dhambi. Hata hivyo sitaki kujikinga kwa Bezaleli, maana Isaya 44 inanihusu mimi kuliko mtu yeyote wa mtaa huu. Nabii anasimulia habari za mtu aliyekata mti mmoja, sehemu akaokea mkate na kuota moto, na sehemu iliyobaki akaifanya mungu, akaiangukia akiiomba imwokoe. Miaka thelathini nimekata magogo ya mwarobaini namna hiyohiyo: sehemu nzuri inakuwa twiga au simba, na vibanzi mama yako anapikia wali. Najua kwa mikono yangu kwamba kipande kinachoingia jikoni na kile kinachonunuliwa na mgeni ni mti uleule.

Kisha mkumbuke nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza kwa agizo la Mungu mwenyewe, na walioumwa na nyoka jangwani walimtazama wakaishi. Vizazi vingi baadaye wana wa Israeli walikuwa wakimfukizia uvumba, hata mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande. Kilichokuwa dawa kiligeuka kuwa mungu, na naona sanamu nyingi za siku hizi huzaliwa kwa njia hiyo, kutokana na jambo jema ambalo Mungu alitupa kwa mkono wake: kazi, mshahara, jina zuri, hata kanisa. Paulo aliwaandikia Wakolosai kwamba kutamani ndiko ibada ya sanamu, wala hakutaja mti wala jiwe.

Mimi niliabudu masomo yako. Kuuza shamba la Ganda ili ulipiwe karo ulikuwa wajibu wangu, wala sijutii. Lakini niliacha ibada ya Jumapili ili niwawahi watalii, na mdogo wangu alipokuja kuomba nauli ya kwenda hospitali nilimwambia sina, huku fedha za karo zikiwa chini ya godoro. Hilo linaniuma hadi leo. Uliposhindwa mtihani mmoja tu, sikula siku mbili. Nilikuwa kama Wafilisti wa Ashdodi waliomkuta mungu wao Dagoni ameanguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana. Nisamehe, mwanangu. Nilikutwika mzigo ambao Mungu peke yake anaweza kuubeba, nawe ulikuwa kijana wa miaka ishirini.

Sasa nije kwenye sehemu ya barua yako iliyonitia hofu. Unasema mhubiri huyo haulizwi maswali, na kwamba umenunua mafuta yake uyapake mlangoni na garini ili upate ulinzi. Sisi wa Malindi hatuwezi kulisahau jina la Shakahola. Tangu mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, miili ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, na watoto wakiwemo. Simlinganishi mhubiri wako na mambo hayo, kwa kuwa simjui. Nasema tu kwamba wengi wao walikuwa watu wanyenyekevu sana, na unyenyekevu wao ulikabidhiwa kwa binadamu. Mtoza ushuru wa Luka 18 alisimama mbali, akajipigapiga kifua, akasema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," bila mtu wa kumsemea na bila chupa mkononi. Nao watu wa Beroya, waliochunguza Maandiko kila siku waone kama maneno ya Paulo ni kweli, Biblia inawaita waungwana. Basi uliza, mwanangu, wala usidhani kuuliza ni kiburi.

Vinyago vya karakanani vitabaki, maana ndivyo unga wetu. Lakini barua yako haikupotea bure. Unamkumbuka yule simba mkubwa wa sebuleni, ambaye nilikataa kumuuza, na ambaye kila mgeni alipoingia nilimsubiri amsifu kwanza ndipo nimkaribishe kiti? Jana nilimpasua kwa shoka, na leo tumekula wali uliopikwa kwa moto wake.

Mama yako anakusalimu sana. Niandikie unisimulie mafuta yale umeyafanya nini.

Ni mimi baba yako