Pilipili yako na presha ya mama mkwe

Moshi, 16 Julai

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila baridi inatukomesha. Mlima umejifunika wiki nzima, na jana nimelala na soksi jozi mbili. Halafu wewe uko Tanga unalalamikia kusi!

Umeniuliza kama kweli pilipili inashusha presha, maana shemeji ameshaanza kuruka siku za dawa. Ngoja nianzie kwa mama mkwe. Jumapili tulikuwa kwake Kibosho. Asubuhi nimemkuta anasuuza masufuria kwa maji ya mfereji, yale yanayoteremka mlimani, vidole vimefa ganzi. Nikamfunga mkanda wa kipimo: 168/94. Akaguna, "Hiyo mashine yako ya Kichina mbovu." Nikamkalisha jikoni karibu na moto, blanketi mabegani. Baada ya nusu saa, 146/86. Mashine ile ile, mkono ule ule.

Kinachotokea ni hivi. Kwenye ncha za neva za ngozi kuna vijilango vya protini, chaneli za ioni, na vingine hufunguka kwa joto au baridi. Kimoja kinaitwa TRPM8: ngozi ikipoa chini ya nyuzi 26 hivi, kinafunguka, kalsiamu na sodiamu zinaingia, neva inapiga kelele. Peremende ya mnanaa nayo inakifungua, ndiyo maana mdomo unahisi baridi wakati hakuna barafu. Ubongo ukisikia kelele za baridi unaamuru mishipa ya ngozi ijibane isipoteze joto. Bomba limekuwa jembamba, moyo unasukuma vilevile. Presha itaacha kupanda?

Sasa pilipili yako. Kijilango chake ni TRPV1, hufunguka joto likifika kama nyuzi 43, au ukila kapsaisini, ule ukali wenyewe. Ndiyo maana ulimi "unaungua" na chai imeshapoa. Mwanasayansi David Julius alikitambua mwaka 1997, na 2021 akapata Tuzo ya Nobeli pamoja na mwenzake Ardem Patapoutian. Kipo hata kwenye utando wa ndani wa mishipa ya damu. Pale kalsiamu ikiingia, utando hutoa gesi ya nitriki oksaidi, na mshipa unalegea. Wachina hao hao wa mashine waliwalisha kapsaisini kwa miezi panya wenye presha ya kurithi, ikashuka.

Usimwonyeshe shemeji mstari huo peke yake! Kalsiamu hiyo hiyo ikiingia kwenye msuli wa mshipa, unabana. Na TRPV1 ipo pia kwenye msuli wa baadhi ya mishipa midogo, kwa hiyo pilipili ile ile inaweza kulegeza hapa na kubana pale. Amlodipini, ile dawa yake ya presha, kazi yake ni kuziba mlango mwingine wa kalsiamu kwenye msuli huo, kila siku, bila kubahatisha. Panya si shemeji. Tena pilipili anayokula ni ile achari yako ya ndimu, nami najua chumvi unavyoimwaga humo kwa vikombe. Hapo anatibu nini?

Amezee dawa zake, na apimwe akiwa ametulia, mwili umepata joto, si akishuka tu kwenye bodaboda.

Mama mkwe amekubali kuchemsha maji ya vyombo. Soksi amevaa. Glavu amekataa kabisa, anasema hizo ni za wakunga.

Wako,
Zuhura