Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka 2025: Maandalizi ya Kukutana Miaka 20 Tangu Tuhitimu

Mlezi wetu Profesa, shikamoo. Wajumbe wa kamati, na madaktari wenzangu wote wa darasa lililoingia Muhimbili mwaka 2001 na kuhitimu mwaka 2006, heri ya mwaka mpya. Tumshukuru Mungu aliyetuvusha.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitawachosha. Kamati ilikaa kila robo ya mwaka kama katiba inavyotaka. Tulipata misiba mitano, na kila mfiwa alifikishiwa rambirambi ya shilingi 500,000. Mwenzetu mmoja aliugua, tukamchangia 600,000 kutoka kwenye mfuko. Amepona na amerudi kazini. Waliomaliza ubingwa bobezi tuliwapongeza. Daftari la wanachama limehuishwa na sasa lina majina 96, pamoja na ya wenzetu walioko Botswana, Namibia na Uingereza. Kazi hiyo ya daftari niliifanya mwenyewe usiku baada ya kliniki, kwa kumpigia simu mtu mmoja mmoja, na nafurahi kwamba leo hakuna mkoa ambao hatujui nani wetu yuko huko.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua ndilo mnalolisubiri, yaani uamuzi wa kuhamisha sherehe yetu ya miaka 20 kutoka Zanzibar kwenda Morogoro. Yamesemwa mengi kwenye kundi letu la WhatsApp, mengine kwa maneno ambayo watu waliopasua maiti meza moja hawakupaswa kuambiana. Naomba niyajibu yote hapa kwa maandishi, ili kila mwanachama awe na maelezo yaleyale.

Ni kweli kwamba mwezi Machi tulipiga kura kwenye kundi. Waliopiga ni 38, na kati yao 24 walichagua Zanzibar. Kamati iliheshimu kura hiyo. Tulitafuta hoteli upande wa Nungwi, tukapewa bei, na kwa hesabu ya mweka hazina kila mwanachama angetoa shilingi 750,000 kwa siku mbili, nauli ya kufika Dar es Salaam ikiwa juu yake mwenyewe. Hoteli ilitaka malipo ya awali kabla ya tarehe 30 Juni ili itushikie vyumba. Tukatangaza kwamba kila mtu atangulize 300,000. Tangazo lilirudiwa kila wiki, nami nikawaandikia kwa faragha wote 24 walioipigia kura Zanzibar. Hadi tarehe 30 Juni usiku walikuwa wamelipa watu saba.

Saba, ndugu zangu, kati ya 24. Anayesema kamati ilipindua kura ya wanachama naomba aiangalie namba hiyo vizuri. Kamati haikuwa na namna ya kuilipa hoteli kwa kura.

Lakini nisiishie kwenye fedha, maana hata kama wote 24 wangelipa bado ningekuwa na swali. Wale 58 ambao hawakupiga kura kabisa ni akina nani? Wengi ni wale walioko mbali. Wakati nahuisha daftari niliongea na mwenzetu aliyeko hospitali ya wilaya mkoani Rukwa. Mnamkumbuka, ndiye aliyekuwa akituandikia madokezo ya fiziolojia kwa kalamu za rangi tatu. Nilipompigia mara ya kwanza hakupokea, alikuwa chumba cha upasuaji. Alinipigia saa nne usiku na kuniambia, “Mwenyekiti, mimi nikitoka hapa hakuna wa kumfanyia mama upasuaji usiku. Nikipata siku tatu nitashukuru. Zanzibar nitafika saa ngapi na kurudi saa ngapi?” Nikakosa jibu la kumpa. Kutoka kwake hadi Dar es Salaam ni siku nzima barabarani na zaidi, kisha asubuhi apande boti, na kurudi hivyohivyo. Ruhusa yote ingeishia njiani.

Hapo ndipo nilipoanza kuifikiria Morogoro. Tazameni barabara zetu. Anayetoka Sumbawanga, Mbeya, Songea, Njombe au Iringa akija pwani kwa kawaida anapita Morogoro. Anayetoka Kigoma, Tabora, Mwanza, Shinyanga au Singida anapita Dodoma kisha Morogoro. Wa Arusha, Moshi na Tanga wanafika Chalinze na kukata kulia. Wanaoongezewa safari ni wa Mtwara na Lindi, na hao hata Zanzibar wangepitia Dar es Salaam. Halafu tangu mwaka 2024 tuna treni ya umeme. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro daraja la kawaida nauli yake ni shilingi 13,000 na safari ni kama saa mbili. Kutoka Dodoma nako treni ipo. Mwanachama wa Dar es Salaam aliyezoea kukaa kwenye foleni ya Kimara atafika Morogoro kabla hajachoka.

Kwa mpango huo mchango wa kila mmoja ni shilingi 300,000, ikiwa ni malazi ya siku mbili, chakula, ukumbi, fulana na usafiri wa pamoja mkiwa mjini. Bei ya chumba ilikuwa 80,000 kwa usiku. Nilikwenda kwa gharama yangu, nikakaa na meneja, nikatoka na 60,000. Sikumtuma mtu, na posho sikudai.

Imesemwa pia kwamba mwenyekiti amepeleka sherehe kwao. Mimi ni Mluguru wa Matombo, sijawahi kulificha hilo na sioni sababu ya kulionea haya. Lakini nyumba ya wageni tuliyoichagua si ya ndugu yangu wala ya mtu ninayemdai au anayenidai. Nukuu za bei kutoka sehemu tatu ziko kwa katibu, na mwanachama yeyote anaweza kuziomba akazisoma. Mpaka leo hakuna aliyeziomba.

Na uamuzi huu sikuufanya peke yangu. Kamati ilikaa Julai, ikapendekeza, kisha tukaitisha mkutano maalumu Jumamosi ya tarehe 2 Agosti 2025. Hapa lazima niseme kilichonisononesha kuliko maneno yote ya kundini. Tulipanga viti 60. Mama lishe aliandaa chai, chapati na sambusa za watu 60, kwa sababu 57 walikuwa wamethibitisha kwa maandishi kwamba watakuja. Saa nne ikafika, saa tano ikafika, ukumbini tuko 17, na wengine tisa wako mtandaoni. Mlezi wetu, mtu wa umri ule, alikuwa amefika saa tatu na nusu akakaa mstari wa mbele na kofia yake mapajani, kila mlango ukifunguka anageuka kutazama ni nani. Nilimwona akihesabu viti. Sambusa tulizifunga kwenye magazeti tukawapelekea madaktari wa mafunzo kwa vitendo waliokuwa zamu, wakazila kwa shukrani, lakini fedha iliyonunua sambusa hizo ni ada ya watu waliojinyima wakalipa.

Hata hivyo katiba yetu inataka robo ya wanachama ili akidi itimie, yaani 24, na sisi tulikuwa 26. Kura 21 zilikubali Morogoro, tatu zilikataa, na wawili hawakupiga. Muhtasari wa kikao ulitumwa kwa kila mwanachama wiki hiyohiyo. Pingamizi la kwanza lilitufikia Oktoba, kutoka kwa mtu ambaye hakuwepo. Nasema kwa heshima kabisa: asiyekuja mkutanoni ana haki ya kusikitika, lakini hawezi kudai kwamba hakushirikishwa.

Lipo na suala la shilingi milioni mbili. Morogoro walitaka malipo ya awali mwezi Agosti, na kwenye akaunti ya sherehe kulikuwa na 1,500,000 tu, ya wale watano kati ya saba wa Zanzibar waliokubali fedha zao zihamie Morogoro. Wawili waliobaki walirudishiwa zao zote. Kamati ikaazima 2,000,000 kutoka mfuko wa rambirambi, kwa barua iliyosainiwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Fedha hiyo ilirudishwa yote Desemba. Katika miezi hiyo hakuna mfiwa aliyecheleweshewa rambirambi hata siku moja. Tusingeazima, vyumba vingekwenda kwa watu wengine, na leo hii ningekuwa naandika taarifa ya sherehe isiyokuwepo.

Hesabu kwa ujumla ni hizi. Tulianza mwaka na 3,480,000. Ada zilizokusanywa ni 6,230,000. Tumetumia 3,560,000, ambapo misiba ni 2,500,000, mgonjwa 600,000, mkutano wa Agosti 342,000 na makato ya benki na ya simu 118,000. Salio ni 6,150,000. Akaunti ya sherehe imepokea 5,700,000 kutoka kwa wanachama 19, imelipa 2,000,000, na imebaki na 3,700,000. Daftari la mweka hazina liko wazi.

Ada ni shilingi 10,000 kwa mwezi, 120,000 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 41. Waliolipa nusunusu ni 23. Wengine 32 hawakutoa hata mwezi mmoja, na humo kuna watu wenye kliniki zao, na kuna watu ambao mfuko huuhuu uliwafikia walipofiwa. Sitataja majina, na niliwakatalia waliopendekeza orodha ibandikwe kundini. Wapo wenye sababu za kweli ambazo wameniambia, na nimezitunza. Ila wapo ambao kila nikipiga simu nasikia tu “nakutumia jioni hii, Mwenyekiti”, na jioni hiyo haijafika tangu Februari. Mweka hazina wetu ni daktari wa watoto, ana zamu zake na familia yake, naye amekuwa akiomba shilingi 10,000 kwa madaktari wenzake kana kwamba anaomba za kwake. Hilo linaniuma, na nalisema wazi.

Ratiba ni kuanzia Ijumaa tarehe 11 hadi Jumapili tarehe 13 Septemba 2026. Wapo waliotaka Nane Nane kwa kuwa mwaka huu inaangukia Jumamosi, lakini wakati huo Morogoro inakuwa na maonesho ya wakulima ya Kanda ya Mashariki, na kupata vyumba kwa kundi kama letu ni shida. Ijumaa asubuhi tutaanzia Muhimbili, Upanga. Mwanzoni kamati ilitaka kuiacha siku hii ili kupunguza gharama. Mimi ndiye niliyesisitiza ibaki. Umekuwa ukizungumzwa mpango wa kuijenga upya hospitali ile, na nataka tupite Mwaisela, Kibasila na Sewa Haji tukiwa pamoja majengo yakiwa bado kama tulivyoyaacha. Pale pale tutawasomea dua na sala wenzetu saba waliotangulia mbele za haki, majina yao yakisomwa moja moja. Wanafunzi wa sasa watakaotupokea huenda wasijue kwamba sisi tulisoma wakati Muhimbili ni chuo kishiriki, na kwamba shahada zetu zina jina la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa chuo kilikuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, mwaka mmoja baada ya sisi kutoka. Mlezi wetu amekubali kuwaeleza historia hiyo kuanzia shule ya udaktari ilipoanza mwaka 1963. Mchana tutakwenda stesheni na kupanda treni pamoja.

Jumamosi kuna wanaotaka tupime shinikizo la damu na sukari bure kwa wananchi asubuhi, na kuna wanaosema wamechoka kupima watu na wanataka kupumzika. Kamati italiangalia. Vivyo hivyo tunatarajia, Mungu akipenda, kuomba sehemu ya mazungumzo ya Jumamosi itambuliwe kwa pointi za mafunzo endelevu, kuanzisha mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wa udaktari wasio na uwezo, na kuandika kijitabu cha darasa letu. Mambo haya yatategemea fedha. Na Zanzibar hatujaifuta: wanachama wakianza kuweka akiba mapema, sioni kwa nini miaka 25 isifanyikie huko.

Mwenzetu wa Rukwa amelipa mchango wake wote tangu Novemba, kwa awamu tatu, na ameshapanga na Mganga Mkuu wa Wilaya nani atashika zamu yake. Mwisho wa kulipa ni tarehe 30 Juni 2026, na safari hii tarehe haitasogezwa, kwa kuwa vyumba vitakavyokuwa havijalipiwa vitarudishwa. Anayekuja na mwenza amjulishe katibu kabla ya Aprili. Mwenye picha ya darasa ya mwaka wa kwanza, ile ya makoti meupe mapya, ailete ikiwa halisi kwa sababu nakala zilizopo kundini zimefifia na nyuso za mstari wa nyuma hazitambuliki.

Wenu katika umoja,
Mwenyekiti
Januari 2026