YAH: KUFUNGA SHULE, MJUSI WA TENDAGURU NA UTORO WA MSIMU WA KOROSHO

Ndugu mzazi/mlezi,

Salaam. Shule inafungwa Ijumaa hii, tutafungua Januari kwa kalenda ya Serikali. Ripoti ya mtoto anayo mwenyewe. Isome, saini, irudi. Ngoma za jando na unyago zimalizike kabla ya kufungua.

Sasa nizungumzie mjusi.

Septemba, mwalimu wa Darasa la Tano alikuwa akieleza jinsi Wajerumani walivyochimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) pale kilima cha Tendaguru, huku kwetu Lindi, kati ya 1909 na 1913, na kwamba mmoja wao leo amesimamishwa kwenye makumbusho Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Binti mmoja akanyoosha kidole: "Mwalimu, wakati ule hapakuwa na malori. Nani aliibeba?" Mwalimu akajibu, "Sijui. Tutafute."

Wiki ile watoto walizunguka kwa mabibi na mababu, wakamganda mwalimu baada ya kipindi mpaka akawaachia simu yake. Wakarudi na jibu: ilibebwa na watu, vichwani na mabegani, mwendo wa siku kama nne kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, hii hii wanayokwenda kuogelea. Swali likazaa swali. Mzigo ulikuwa tani ngapi? Zaidi ya 200. Wachimbaji walisimamiwa na nani? Hapo wakamkuta Boheti bin Amrani, ambaye mwaka 2007 wataalamu walimpa mjusi mwingine wa Tendaguru jina lake: Australodocus bohetii. Aliyelileta jina hilo darasani ni kijana ambaye mwezi Mei nilimwandikia mzazi wake kwamba hasomi. Barua ile naifuta.

Nami nikalewa sifa. Nikatangaza zawadi ya madaftari makubwa mawili na kalamu kwa atakayeeleza vizuri kwa nini mifupa ile haikuoza. Zikaja karatasi 26, na 19 kati ya hizo zilikuwa na maneno yale yale, hadi kosa la tahajia lile lile. Kumbe kuna kaka wa sekondari aliyekuwa akinakili kutoka kwenye simu na kuwauzia shilingi mia mbili. Watoto walikuwa wanatafuta daftari, jibu halikuwashughulisha. Kosa ni langu. Nilipofuta zawadi zilikuja karatasi saba tu, mwandiko wa kuku, kila moja na lake. Mmoja ameandika kwamba alichimba nyuma ya choo cha kwao akapata mfupa, "ila nadhani ni wa mbuzi". Hizo saba nimezibandika ukutani ofisini, njooni mzione.

Sasa yanayoniudhi. Wazazi watatu walikuja kulalamika kwamba mwalimu amesema "sijui" mbele ya watoto. Mmoja akataka arudishwe chuoni. Siku ile nilijibu kwa upole. Leo nasema wazi: angejifanya anajua, swali lingekufa palepale na hakuna mtoto ambaye angetoka kwenda kumuuliza mtu yeyote. Mwalimu huyo habanduki hapa.

Na kuna lililonikera zaidi. Binti aliyeuliza swali la kwanza alikwenda nyumbani akamuuliza babu yake kama wazee wake nao walibeba mifupa ya Mjerumani. Akachapwa, eti anawahoji wakubwa. Kwa wiki tatu hakunyoosha tena kidole darasani. Mzazi husika anajijua, na nimeshazungumza naye mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Kama hamna jibu, semeni hamna. Kofi mnalompa kwa swali moja linayanyamazisha yote yanayofuata, nasi ndio tunaobaki kuyabembeleza yarudi.

Utoro. Oktoba, siku moja, Darasa la Tano lilikuwa na watoto 41 kati ya 68. Mnatuandikia kwamba mtoto anaumwa, kisha anarudi na vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho. Hatuna upofu. Kuokota Jumamosi na Jumapili, sawa, sote tumekulia mikoroshoni. Lakini mtoto akikosa wiki mbili akarudi, hata swali lenyewe lilikuwa lipi hajui. Januari majina yatakwenda kwa mtendaji bila kunipitia tena.

Chakula. Elimu ni bila ada tangu 2016, nalijua hilo kama mnavyolijua. Lakini uji haupikwi kwa waraka. Mahindi na mbaazi mlikubaliana wenyewe mkutanoni, mkanyoosha mikono, na zaidi ya nusu hamjaleta. Fedha za mnada wa korosho zimeshaingia, maana pikipiki mpya hapa kijijini nimezihesabu. Leteni kabla ya kufungua.

Mwisho, wazee wenye simulizi za wapagazi wa Tendaguru waliozisikia kwa baba zao wanaombwa kufika shuleni Jumatano ya kwanza baada ya kufungua, saa nne, chini ya mwembe. Viti vitakuwepo. Binti yule nimemwomba aulize wa kwanza, na amekubali.

Wenu katika kazi,
Mwalimu Mkuu
Lindi