Dada, majani ya Cogne yameshakatwa

Dada,

Jumamosi nilipanda basi la kwenda Cogne, kijiji cha milimani huku Italia, basi lile ulilosema dereva wake angefaa kuendesha Hiace za Marangu. Safari hii nilikwenda peke yangu. Nilitaka kuliona tena lile shamba la majani mbele ya kijiji nikiwa sina mtu wa kumwonea haya. Nikakuta wameshakata. Prato di Sant'Orso yote nyeupe kama kichwa kilichonyolewa msibani, majani yamefungwa marobota, na kule mwisho wa bonde barafu ya mlima Gran Paradiso iko palepale, haijali. Nilitafuta mahali ulipoingia. Hapatambulikani.

Naandika hapa kwa sababu simu zangu hupokei. Binti yako ndiye aliyeniambia kwamba huku unasoma, kila ninachoweka, hata yale mambo ya mapishi. Basi soma na hili.

Nianze na lililo jepesi. Ukija tena, usije na raba. Nilikwambia kwenye simu kabla hujaja, nikakutumia na picha ya buti, ukanijibu kwamba wewe umezaliwa mlimani na hakuna mzungu wa kukufundisha kupanda. Ni kweli umezaliwa mlimani. Lakini kutoka kitongoji cha Valnontey hadi Rifugio Vittorio Sella, ile nyumba ya wapanda mlima kule juu, unaanzia mita 1,666, unapanda mita zaidi ya 900, mawe matupu, na kushuka ndiko kunakoua magoti. Vibao vyao vya njano vinaandika saa badala ya kilomita, na saa zenyewe ni za watu wenye fimbo mbili na miguu ya mbuzi. Uondoke alfajiri, kwa sababu mchana mawingu hujikusanya na radi ya kule juu haina mchezo. Ubebe maji. Ubebe sweta hata kama ni Julai. Haya yote nilikwambia. Sikukosea kukwambia, na ulipoanza kuchechemea nilikuwa na haki ya kukasirika. Ndiyo, nilikasirika. Lakini hasira ile haikuwa ya raba, na wewe ulijua.

Siku ile ilianza vizuri. Unakumbuka ulivyosalimia kila mtu njiani? Huku watu wakikutana kwenye vijia vya mlimani husalimiana, hata kama kule mjini wasingetazamana. Wao "buongiorno", wengine "bonjour" kwa kuwa bonde hili Kifaransa nacho ni lugha ya serikali, na wewe unawajibu "za asubuhi" kwa sauti ya sokoni, wanafurahi. Nami nilikuwa nafurahi, Dada, usije ukasema sikufurahi. Nilikuwa nasubiri siku hiyo tangu nifike nchi hii. Kisha ukaniuliza swali ambalo hadi leo nikilikumbuka nacheka peke yangu jikoni kwa bibi ninayemhudumia: "Hawa kila mtu kabeba mzigo wake? Wapagazi wako wapi?" Ulisimama kabisa katikati ya njia ukiwahesabu, wanaume kwa wanawake, watoto hadi wa miaka minane, kila mmoja na begi mgongoni. "Kumbe wanaweza," ukasema. Baba aliwabebea hawa hawa hadi shingo ikapinda.

Ila nimeruka. Kabla ya Valnontey kulikuwa na lile shamba.

Tulishuka basi tukaenda kwa miguu pembezoni mwa Prato. Majani yalikuwa yamefika mapajani, na maua ndani yake ya njano, ya zambarau, meupe. Watu wanapiga picha. Wewe hukutoa simu. Ulisimama ukayatazama kwa jicho la mtu anayetazama benki, ukasema, "Majani yote haya na ng'ombe hata mmoja simwoni!" Nikakueleza kwamba kiangazi ng'ombe wako juu, kwenye malisho ya mlimani, huondoka Juni na kurudi mwishoni mwa Septemba, na kwamba haya ya hapa chini hukatwa yakakaushwa, ndiyo chakula chao theluji ikishafunika kila kitu. Nikakueleza pia kwamba haruhusiwi mtu kuyakanyaga kabla hayajakatwa. Hilo nililisema. Au nilidhani nimelisema. Nimejaribu sana kukumbuka.

Nikageuka kufunga kamba ya kiatu. Kuinuka, uko ndani. Hatua kumi, kumi na mbili, umeinama, umeshika fungu la majani mkono wa kushoto, umelivuta, unalinusa. Mkono wa kulia umekunjwa kama umeshika mundu. Nilijua unachofanya. Nani angejua kama si mimi? Niliyelelewa kwa majani uliyoyakata wewe kule tambarare na kuyapandisha kichwani hadi nyumbani, mzigo unakufunika hadi mabegani, yanaonekana miguu tu, ili ng'ombe wawili wa mama wale bandani na mimi nipate maziwa na karo. Ulikuwa unapima. Ulitaka kujua majani ya huku yana nini.

Yule mzee akapiga kelele. Alikuwa na reki begani. Alipaza sauti kwa Kiitaliano, halafu kwa lugha yao ya kijijini ambayo hata mimi nashika nusu, akionyesha njia uliyoilaza ndani ya majani. Hukuelewa. Ulimpungia mkono, ukamwonyesha lile fungu kwa tabasamu, kama mkulima anavyomwonyesha mkulima mwenzake. Akanigeukia mimi. Akaniuliza, mko pamoja?

Nikasema: "No."

Laiti lingekuwa neno gumu la Kiitaliano. Lakini "no" haihitaji mkalimani. Ulisikia, nikaona umesikia, mkono wako ukashuka.

Na sikuishia hapo. Watu wengine wanaosoma hapa labda wangeniacha niishie hapo, lakini wewe ulikuwepo. Nilimwambia yule mzee kwamba ni kweli, watalii hawana adabu. Akacheka. Nikacheka naye.

Sasa unielewe. Sitaki unisamehe kwanza, unielewe. Miaka yote hii nafuta wazee wa watu, nawalisha, nawageuza usiku, na bado nikiingia dukani mwenye duka anautazama mkoba wangu. Pale Cogne hakuna anayenijua kwa ubaya. Ni kijiji kidogo, watu hawafiki 1,500, nimekwenda miaka kadhaa siku zangu za mapumziko, natembea pale panapotakiwa, nasalimia, nachukua takataka zangu. Nilikuwa na sehemu moja tu nchi hii ambapo sijawahi kukaripiwa. Wewe ungekuja ukae wiki tatu uondoke. Mimi ndiye ninayebaki. Ugenini, Dada, mtu hutembea kando ya majani, hata pale roho inapomwambia aingie. Hilo ndilo nililotaka kukufundisha, na hukunipa nafasi.

Nimelisoma tena hilo juu. Linafanana na maneno ya wakili.

Njia nzima ya kwenda juu hukusema neno. Nilikuwa nazungumza mimi, kama mwongoza watalii wa kulipwa. Nikakueleza kwamba nyumba tunayoiendea ilikuwa ya mfalme Vittorio Emanuele wa Pili, aliyefanya milima hii kuwa mawindo yake mwaka 1856, na ndiyo maana njia ina mizunguko mipole, ilichongwa ili farasi wapande. Hapo ukafungua mdomo: "Njia nzuri hivi, kumbe ya kwenda kuua mbuzi." Nikajitetea kwa niaba ya mfalme, sijui kwa nini. Nikasema kwamba kwa kuwa aliwataka wawe wake peke yake, wengine walikatazwa kuwawinda, na hao ndio waliopona. Kwingine kote Alps mbuzi wale wa pembe ndefu waliisha. Mwaka 1922 ikawa hifadhi ya taifa, na wote unaowaona leo kwenye milima hii, hadi Uswisi na Ufaransa, asili yao ni hapa. "Basi ni ukoo mmoja," ukasema. Ukanitazama. Tuliwaona watatu pale juu karibu na nyumba, wamelala juu ya mawe, hawakutujali.

Ulikunywa chai yako umenipa mgongo. Kushuka goti likakataa. Nikakupa mkono pale penye daraja la mbao, ukaupita, ukashika ubao.

Nyumbani kwangu usiku ndipo uliposema lile la mama. Kwamba aliyeweza kukukana wewe kwa ajili ya majani, haishangazi hakuja kumzika mama kihambani, kwenye shamba letu la ukoo. Nikakujibu yaleyale niliyowaambia wote Februari 2022: kibali changu cha kuishi huku kilikuwa kinafanywa upya, nilikuwa na risiti tu, ningetoka nisingerudi. Niliambiwa baadaye kwamba ile risiti ingenitosha kwenda na kurudi. Nakuandikia "baadaye". Dada, niliambiwa wiki ileile. Bibi niliyekuwa namhudumia alikuwa hali mbaya, mwanawe alisema nikiondoka ataweka mtu mwingine, nikahesabu kodi, nikahesabu karo ya mwanao ambayo ilikuwa inatoka kwangu, nikakaa. Karo ile hukuwahi kuirudisha, na sikuidai. Naitaja tu.

Lakini wewe nawe. Ulirudi Moshi ukaliambia kundi la ukoo kwamba nimekukana mbele ya mzungu, ukaweka na sauti, dakika nne, hadi shangazi wa Rombo akanipigia analia. Hukuwaambia nani alilipa tiketi. Hukuwaambia kwamba lile koti ulilovaa kwenye picha zote ni langu. Juni 2024 mafuriko yalipoikata barabara ya Cogne, watu wakatolewa kwa helikopta na kijiji kikakaa karibu mwezi bila njia ya gari, ulinitumia ujumbe: "Nimeona mafuriko. U mzima?" Nami nikakujibu kwa kidole gumba. Hilo lilikuwa langu. Uliinama wewe kwanza, nikakupa kidole gumba.

Kuna kitu sikukuonyesha kwa sababu tulikuwa hatusemezani. Huku ng'ombe hupiganishwa, majike, wenye mimba. Wanasukumana kwa vichwa kuanzia majira ya kuchipua, na fainali ni mjini Aosta mwezi Oktoba, watu wanajaa kama Simba na Yanga. Hakuna damu. Anayechoka anageuka tu anaondoka, na aliyebaki anaitwa malkia. Ungeshangilia hadi sauti ikauke. Ungemchagua mweusi, najua.

Mwezi uliopita nilimwomba binamu akate isale, lile jani letu la kuombea radhi, pale kwenye mpaka wa kihamba akuletee, aseme limetoka kwangu. Akakataa. Akasema isale halitumwi kama kifurushi, na mwenye kosa hawezi kukaa Italia akaagiza mtu wa kumwombea radhi kwa simu. Nilimkasirikia. Ana haki.

Likizo yangu ni Desemba. Tiketi nimeshalipa nusu, hata ukisema usije. Nitapiga Jumapili, saa mbili usiku ya huko, ukiwa umeshakamua na kuosha ndoo. Nyie wa ukoo mnaosoma hapa, msimpigie kabla yangu, na usiku ule msiishike simu yake.

Uliniuliza siku ya kwanza majani yale wanayakata kwa mundu au kwa mashine, na sikukujibu vizuri. Ni mashine. Pembeni tu, kwenye mawe, wanatumia mundu mrefu wa mpini.