Spika tano, sauti mbili: wauzaji wa homu thieta watuambie ukweli

Kwa Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi, hata kabla nianze kulinunua nilikuwa nalisomea kwa kinyozi, na sijawahi kuwaandikia. Leo naandika juu ya spika. Najua mtu atasema watu wanalia na bei ya unga na huyu analeta hadithi ya muziki, lakini pesa ya spika nayo inatoka mfuko uleule na ikiliwa inauma vilevile.

Mwezi wa pili zamu yangu ya chama ilifika nikashuka Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki hapa Nairobi, na elfu kumi na tano. Nilitaka risiva ya homu thieta, ile mashine inayopokea sauti na kuzigawia spika, hizi za ex-UK zilizotumika Uingereza, pamoja na spika zake tano na wufa, ile spika kubwa ya mvumo, ili niunganishe na kompyuta ya nyumbani, kwa sababu muvi zetu zote ziko kwa kompyuta na ndiyo watoto wanachezea gemu. Yule muuzaji, simtaji yeye wala duka lake, akachomeka simu yake kwa kawaya kadogo, akaweka wimbo, akafinya kitu kwa rimoti na spika zote zikanguruma mpaka glasi ya kabati ikawa inalia. Akaniambia, "Mzee, hii ni 5.1 orijino, umejisikilizia mwenyewe." Na kweli nilikuwa nimejisikilizia mwenyewe, nikalipa, nikatafuta mkokoteni.

Sasa wacha niwaambie nilichokuja kujua baadaye kwa uchungu. Kale katundu ka hedifoni ka simu, na kale ka laptopu, kanatoa sauti mbili tu, ya kushoto na ya kulia, basi. Kile kitufe cha rimoti kinachukua hizo mbili kinazinakili kwa spika zote tano. Ni kama chai ya watu wawili umeigawa kwa vikombe vitano, vikombe vimejaa mezani lakini chai haijaongezeka. Tano ya 5.1 maana yake ni sauti tano tofauti: mbele kushoto, mbele kulia, ya katikati ambayo ndiyo hubeba maneno ya waigizaji, na mbili za pembeni au nyuma kwa ajili ya mvua, helikopta, watu wanaopiga kelele sokoni. Ile nukta moja ni njia ya wufa, imeitwa nukta kwa sababu inabeba mvumo wa chini peke yake. Lakini namba iliyoandikwa kwa boksi inahesabu spika tu. Haihesabu sauti zinazoingia, na hakuna mtu dukani alinieleza hivyo.

Nyumbani fundi aliyekuja kufunga naye akafanya yaleyale, waya kutoka tundu la kijani la kompyuta hadi matundu mekundu na meupe ya risiva, akachukua mia tano yake akaenda. Tukakaa hivyo miezi miwili tukijiona matajiri. Tulikuwa tunaona muvi tunaongeza sauti ndio tusikie maneno, halafu bomu likilipuka mama watoto anaruka, mtoto mdogo anaamka, jirani wa juu anagonga sakafu na ufagio. Nikadhani ndivyo homu thieta zilivyo.

Aliyenitoa gizani ni kijana wa dada yangu, huyu hushika mikisa, mashine ya kupanga sauti, kanisani kwao, alikuja Jumapili kula chapati. Katikati ya muvi akaamka akaenda akainama akaweka sikio kwa spika ya nyuma, karibu kabisa, kama daktari. Akacheka. "Mjomba, huyu jamaa anaongea mbele yako na nyuma yako wakati mmoja, ni jini?" Nikaenda nikaweka sikio nami. Kweli, spika ya nyuma ilikuwa inasema maneno yaleyale ya mbele, neno kwa neno.

Hapo ndio nikaanza kuhangaika, na Mhariri nimehangaika kweli. Nilirudi mjini nikauziwa kadude ka kuchomeka kwa USB, mia tatu na hamsini, kameandikwa 7.1 kwa rangi nyekundu. Kufika nyumbani nakageuza nakaangalia vizuri, kana tundu moja la hedifoni na moja la maikrofoni. Saba nukta moja zitatokea wapi? Kumbe hako huwa kanadanganya masikio tu ukiwa umevaa hedifoni, kanachanganya sauti ionekane kama inatoka nyuma. Kwa risiva hakasaidii kitu, zinafika mbili zilezile. Ningesoma mgongo wa kale kadude kabla ya kulipa ningeokoa nauli.

Kijana akaniambia niangalie nyuma ya kompyuta kama kuna katundu ka mraba kenye kamlango. Kalikuwepo! Hako ni ka kebo ya optikali, sauti inapita kama mwanga, teknolojia ambayo Toshiba walileta mwaka 1983. Nikanunua kebo, nikachomeka, kimya. Nikachomoa nikarudisha, kimya. Nikabadilisha setingi saa nzima, nikamtukana muuzaji kimoyomoyo, halafu binti yangu wa darasa la sita akaokota kebo akaniuliza, "Baba, hii kofia ya plastiki si inatolewa?" Kuna kofia ndogo sana, karibu haionekani, inakaa kwa ncha kuzuia vumbi. Kuitoa tu, taa nyekundu ikatokea kwa ncha, risiva ikaamka. Tukaweka DVD na kwa kioo cha risiva yakaandikika maneno Dolby Digital, ule mtindo wa kubana sauti nyingi zipite kwa waya mmoja, mara ya kwanza tangu niinunue. Nilikaa pale nikiangalia maandishi kuliko muvi.

Furaha ikaisha watoto walipowasha gemu. Maandishi yakapotea, sauti zikarudi mbili. Hii ndiyo sehemu inayochanganya watu wengi kwa hivyo niruhusu nieleze polepole. Kebo ya optikali kwa kazi hii ni nyembamba, si kwa unene wa waya, kwa kiasi cha sauti inachobeba. Inaweza kupitisha sauti mbili zisizobanwa, yaani zisizopunguzwa ukubwa, ama tano nukta moja zikiwa zimebanwa tayari kwa mtindo wa Dolby Digital au DTS. DVD huwa imebanwa tayari kiwandani, kompyuta inaipeleka ilivyo na risiva ndiyo inafungua. Lakini gemu inatengeneza sauti zake palepale ukicheza, hazijabanwa na mtu, na kama kadi ya sauti ya kompyuta haina uwezo wa kuzibana papo kwa papo, ile wanaiita Dolby Digital Live au DTS Connect, basi zinapunguzwa kuwa mbili ndio zipite. Hata kwa muvi lazima programu iambiwe ipitishe sauti bila kuifungua, kwa VLC, programu ya kuchezea muvi, iko kwa setingi za sauti. Usipoiambia, inafungua yenyewe na unabaki na mbili.

Tukajaribu njia nyingine, HDMI, ile kebo inayobeba picha na sauti pamoja, kutoka kompyuta hadi TV, halafu optikali kutoka TV hadi risiva. Mbili tena! TV nyingi zikipokea sauti kwa HDMI huitoa kwa optikali ikiwa mbili tu, na hakuna mahali wameandika hivyo kwa boksi.

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi mpaka inaudhi. HDMI inatoka kompyuta inaingia kwa risiva kwanza, halafu HDMI nyingine inatoka kwa risiva kwenda TV. HDMI tangu toleo la kwanza mwaka 2002 inabeba mpaka sauti nane zisizobanwa, kwa hivyo gemu, muvi, kila kitu kinapita. Kompyuta inaiona risiva kama skrini. Unaenda kwa setingi za sauti za Windows, unachagua hiyo risiva, unafinya pale pa kupanga spika, unachagua 5.1, kwa sababu ukiiacha mara nyingi inakaa kwa mbili. Kuna picha ya sofa na spika, ukifinya jaribio kila spika inalia kwa zamu yake. Mbele kushoto. Katikati. Mbele kulia. Halafu nilikuwa nimekaa nimeinama kwa kibodi na kengele ikalia nyuma ya bega langu la kulia, hiyo spika peke yake, zingine zote kimya, na nikageuka kama mtu ameitwa jina. Miezi mitatu hiyo spika ilikuwa pale ukutani inanakili za wenzake.

Na siku hizi hatuongezi sauti ndio tusikie maneno. Maneno yako kwa spika ya katikati, nimeipandisha hiyo moja kwa rimoti na wufa nimeishusha, mtoto analala, jirani wa juu ameweka ufagio chini. Hii kwangu ndiyo faida kubwa kuliko helikopta zote.

Kuna mambo madogo nitayapitia haraka kwa mwenye kutaka kununua. Washa risiva kwanza ndio uwashe kompyuta, maana kompyuta huuliza kilichoko upande wa pili kina uwezo gani na ikikuta risiva imelala inaweza kusoma TV ikakupa mbili. Stima ikipotea na kurudi, rudia mpangilio huohuo. Si kila risiva yenye tundu la HDMI inachukua sauti, kuna zile za zamani hupitisha picha na sauti moja kwa moja kwa TV na zenyewe hazionji, jirani yangu anayo moja hivyo na ilibidi atumie matundu sita ya analogi nyuma, waya tatu kutoka matundu ya kijani, ya machungwa na meusi ya kompyuta, na inafanya kazi vizuri tu ijapokuwa ni msitu wa waya. Spika za nyuma watu wa Dolby wanasema zikae pembeni nyuma kidogo ya mtu, kama nyuzi 110 hadi 120 kutoka mbele, lakini sisi wa vyumba hivi sofa imegusa ukuta, kwa hivyo weka pembeni tu juu ya usawa wa masikio, haitaharibika. Na ukiuziwa ya ex-Japan uliza volti kabla ya kuchomeka, kule ni 100 na hapa ni 240, itatoa moshi kabla ya wimbo.

Lakini hata uwe na waya za dhahabu, kuna mtu mwingine kwa hii biashara, huyu wa kutujazia flashi muvi kumi kwa bei ya soda. Si faili zake zote ziko hivyo lakini zile ndogondogo mara nyingi zimepunguzwa ndio zitoshee, na kitu cha kwanza kutupwa ni zile sauti za nyuma. Fungua faili kwa VLC, finya Ctrl na J, angalia pale kwa chaneli. Ikiwa imeandikwa stereo, hapo umebeba mbili, usimlaumu fundi. Ikiwa ni 3F2R/LFE, hiyo ni tatu mbele, mbili nyuma na njia ya wufa. Mimi siku hizi naenda na laptopu kibandani, nafinya Ctrl na J mbele yake, amenizoea ananiita profesa kwa kejeli.

Sasa Mhariri ombi langu. Sisemi wauzaji wote ni matapeli, sidhani hata yule wangu alikusudia, labda naye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia, na mimi mwenyewe nilitoa pesa kwa sababu glasi ya kabati ililia. Lakini mtu akiuza kitu kwa jina la 5.1 na anakionyesha kwa waya wa sauti mbili, hapo mteja ameonyeshwa kitu tofauti na alicholipia. Kama mna mwandishi wa mambo ya teknolojia, mtumeni Luthuli siku ya Jumamosi na laptopu, kebo moja ya HDMI na faili moja ya 5.1. Aingie duka kwa duka aulize swali moja tu: hebu nifanyie spika ya nyuma kushoto ilie peke yake. Halafu atuandikie ni wangapi waliweza.

Ni mimi Baba Neema,
Umoja, Nairobi