Mwanangu, pima maji kwanza

Mwanangu Rehema,

Salamu. Simu yako ya juzi imeninyima usingizi. Vifaranga wa sato kupinda mgongo, hayo huwapata wafugaji wengi. Kilichonishtua ni uliposema utawachanganyia vitamini D ya kuku, na kwamba ikizidi haina shida. Ina shida, mama. Vitamini hiyo huyeyuka kwenye mafuta, hujilimbikiza kwenye ini, na ikipita kiasi inadhuru. Chotara wa sato walipojaribiwa walionekana kuhitaji takriban yuniti 375 tu kwa kilo ya chakula, na dagaa unaowasagia wana mafuta yenye vitamini hiyohiyo.

Wewe ndiye msomi wa mabwawa katika ukoo wetu na najivuna nawe mbele za watu. Lakini mbona umeyaruka maji? Sato hangoji kalsiamu ya kujengea mifupa kutoka kwenye chakula peke yake. Huivuta majini kwa matamvua. Vitamini D, mwili ukishaigeuza kuwa homoni, huzifanya chembe za matamvua ziongeze njia za kuipitisha kalsiamu. Ni bawabu anayefungua mlango: nje kukiwa hakuna mtu, ataingia nani? Kalsiamu ikizidi damuni, homoni nyingine, staniokalsini, huzuia isiendelee kuingia.

Uliniambia mwenyewe kuwa kwenye bwawa lile sabuni inatoa povu papo hapo. Hayo ni maji laini, kalsiamu yake haba. Pima ugumu wake kabla hujanunua kopo lolote. Ukikuta uko chini, weka chokaa ya kilimo, kidogo kidogo.

Na lile gunia la chakula lililokaa tangu masika? Vitamini C huharibika ghalani, na samaki akiikosa mgongo hupinda vilevile. Nilikwambia ununue cha kutosha mwezi tu, ukanijibu bei ya jumla ni nafuu. Fosforasi nayo, madini mengine ya mifupa, iangalie, maana hiyo karibu yote hutoka kwenye chakula. Ila maji kwanza, Rehema.

Mama yako anauliza kama unalala kwenye chandarua. Huku upepo umeezua bati la jikoni, fundi anakuja Jumamosi. Usitume hela, nunulia kipimo cha maji. Mdogo wako kafaulu hesabu, anataka viatu. Mbuzi yule mweupe kazaa mapacha.

Ukishapima nipigie, hata kama ni usiku.

Baba yako