Risala ya Wanafunzi wa Historia kwa Mgeni Rasmi Katika Kumbukumbu ya Profesa na Mzee Wetu wa Kanisa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Idara ya Historia,
Mchungaji pamoja na Baraza la Wazee,
Mama yetu mpendwa, mjane wa marehemu, pamoja na watoto na wajukuu,
Wahadhiri, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima kubwa, sisi wanafunzi wa Historia, wa sasa na wale waliokwisha kuhitimu, tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi siku hii tunapotimiza mwaka mmoja tangu Profesa wetu alipotutoka. Tunajua kwamba nawe ulipitia mikononi mwake, kwa hiyo mengi tutakayoyasema unayafahamu, na mengine huenda ukatusahihisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuandika risala hii kumetuwia vigumu kwa sababu moja iliyo wazi: marehemu mwenyewe hakuwa na imani na risala. Katika mhadhara wa kwanza wa kila mwaka alitutahadharisha na maandishi yote ya kusifu, yakiwemo tanzia, hotuba za kuaga na maneno ya juu ya makaburi, akisema kwamba hayo hutueleza zaidi habari za walioyaandika kuliko za anayesifiwa. Ili tusimwaibishe, tumekubaliana kuandika humu yale tu ambayo wenzetu wasiopungua wawili waliyaona kwa macho yao, na kuyaacha yaliyotufikia kwa kusikia, hata kama ni matamu. Ndiyo sababu kile kisa cha mwavuli, ambacho kila kundi la wanafunzi lina namna yake ya kukisimulia, hamtakisikia hapa.

Neno lake lilikuwa moja: Umejuaje? Aliliandika kwa penseli nyekundu pembeni mwa insha zetu, wakati mwingine mara tano au sita katika ukurasa mmoja, na hakuongeza kitu. Mwanafunzi aliyeandika kwamba watu wote walifurahi, au kwamba mfalme alikuwa mkatili kwa asili yake, alilikuta neno hilo likimsubiri. Mwanzoni lilituudhi, na tusifiche, wapo waliolia. Baadaye tuligundua kwamba hakuwa akitubishia. Alitaka tumwonyeshe njia tuliyopita hadi kufika pale tulipofika, ili yeye, au mtu mwingine yeyote, aweze kuipita tena.

Wengi wetu tulimwelewa sawasawa siku alipotupeleka katika ofisi ya kanisa lake kutuonyesha daftari la zamani la ubatizo. Alitandika kitambaa safi mezani, akaliweka juu yake, akalifungua polepole, akatuambia kwamba tusianze na majina bali tutazame wino. Katika kurasa za mwanzo wino ulibadilika kila baada ya mistari michache, mara mweusi, mara wa kahawia uliofifia, na mwandiko ulikuwa wa mtu mwenye haraka. Kisha tukafika mahali ambapo mwaka mzima, kuanzia Januari hadi Desemba, ulikuwa umeandikwa kwa wino mmoja na kwa mwandiko uliotulia, herufi zote zikiinamia upande mmoja. Alinyamaza, akatusubiri. Baada ya kitambo mwenzetu mmoja, ambaye darasani hakuwa msemaji, akasema kwamba mwaka ule uliandikwa wote kwa kikao kimoja. Profesa alipiga meza kwa furaha hata karani wa ofisi akachungulia mlangoni. Akatueleza kwamba yamkini mwandishi aliacha kuandika kwa miezi mingi, kisha akajaza yote kwa kukumbuka au kwa kutazama vikaratasi, na kwamba tarehe za mwaka ule zipokewe kwa tahadhari, lakini mwandishi yule tusimwite mwongo kabla ya kujiuliza alikuwa na kazi ngapi nyingine. Halafu akatuelekeza kwenye safu ya jina la mama, ambayo kwa kurasa nyingi ilikuwa tupu, akatuachia swali hilo turudi nalo nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, daftari ndipo mahali ambapo Profesa na Mzee wa kanisa walikutana. Alipenda kutukumbusha kwamba mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia ya Uingereza iandike ubatizo, ndoa na maziko, na kwamba wapo waliohofu kuwa ni hila ya kuwatoza kodi mpya. Hakuna aliyewafikiria wanahistoria. Hata hivyo, mwaka 1981 E. A. Wrigley na R. S. Schofield walichapisha historia ya idadi ya watu wa nchi hiyo kuanzia 1541 hadi 1871, na msingi wa hesabu zao ulikuwa madaftari ya parokia 404, yaliyoandikwa na watu waliodhani wanaandika habari za Jumapili hiyo tu. Kwa sababu hiyo yeye, aliyekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, hakukubali kuondoka ibadani kabla ubatizo wa siku ile haujaandikwa, jina la mama likiwemo, hata kama familia ilikuwa imekwisha kutoka nje na wapiga picha wanasubiri.

Kanisani hakutaka kuitwa Profesa. Aliyemwita hivyo hakumjibu hadi alipoitwa Mzee. Alituambia mara nyingi kwamba kanuni za kanisa la Geneva za mwaka 1541, ambazo Jean Calvin, mwanamatengenezo wa kanisa, alishiriki kuziandaa, zilitaja huduma nne, yaani wachungaji, walimu, wazee na mashemasi, na kwa kuwa mwalimu na mzee zilikuwa huduma mbili tofauti, yeye anafanya kazi ya watu wawili na anayepaswa kumlipa hajulikani. Nyuma ya utani huo kulikuwa na jambo alilolipenda sana. Wazee wale 12 wa Geneva walikutana na wachungaji kila Alhamisi kuwahoji watu juu ya mienendo yao, na karani akaandika. Walikusudia kuwaonya wagomvi na walevi. Bila kujua, wakatuachia sauti za mafundi, wajane na watumishi wa nyumbani ambazo hakuna mwandishi mwingine wa wakati ule aliyejali kuzihifadhi. Mzee wetu alikuwa mwandishi wa vikao vya Baraza, na muhtasari wake ulionyesha si uamuzi peke yake bali pia nani alipinga na kwa hoja gani.

Jambo hilo halikumpendeza kila mtu, na tunalitaja hapa kwa ruhusa ya Baraza lenyewe. Kanisa lilipojiandaa kwa jubilei, alipewa kazi ya kuandika historia yake fupi, naye akaweka sura juu ya mgawanyiko uliowahi kuwatenga waumini. Wenzake wakamwomba aiondoe, kwa kuwa jubilei ni sherehe. Yeye akawasimulia habari za Lorenzo Valla, msomi wa Italia, ambaye mwaka 1440 alithibitisha kwamba hati iliyodaiwa kuwa ya Kaisari Konstantino, ya kumkabidhi Papa mamlaka ya nchi za magharibi, ilikuwa ya kughushi, maana ilitumia maneno ambayo watu wa enzi ya Konstantino hawakuyatumia hivyo. Akaongeza kwamba Valla baadaye aliajiriwa kuwa katibu katika ofisi ya Papa, na kanisa halikuanguka. Ubishi ulichukua vikao vitatu. Mwishowe sura ilibaki, ikiwa imepunguzwa hadi kurasa mbili, na kila upande ukaelezwa kwa maneno ambayo upande huo wenyewe uliyakubali. Mzee mmoja alikaa muda mrefu bila kumpa mkono. Marehemu hakumlaumu, wala sura hakuifuta.

Kwa kuwa tumeahidi ukweli, tuseme na kasoro zake. Alichelewa kurudisha insha, wakati mwingine hadi muhula uliofuata, ingawa sisi tukichelewa kwa saa moja hakupokea. Mwandiko wake ulisomeka kwa shida, hata neno lile la penseli nyekundu wanafunzi wapya walidhani ni saini yake. Alipopewa dakika kumi za kusalimia, alizungumza arobaini. Na katika mambo ya nyumbani Mama ametuambia kwamba atajisemea mwenyewe, kwa kuwa chanzo cha karibu ni bora kuliko sisi.

Katika miezi yake ya mwisho, macho yalipomtupa mkono, tulipokezana kwenda kumsomea. Hakutaka tumsomee vitabu vyake bali tasnifu zetu. Alisikiliza amefumba macho, na tulipofika mahali pa udhaifu aliinua kidole kimoja kutoka kwenye blanketi. Hatukuhitaji kuuliza alimaanisha nini. Tulirudi sentensi nyuma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ni desturi ya risala kuwa na maombi, nasi tunalo moja kubwa. Familia imetuonyesha makasha ya karatasi zake, ambazo nyingi alikwisha kuzitoa pini zenye kutu na kuzifunga kwa uzi wa pamba, pamoja na kanda za sauti za wazee aliowahoji tangu ujana wake. Kanda za namna hiyo huchakaa hata zikiwa kabatini, na mashine za kuzichezea zinazidi kuadimika, kwa hiyo tunaomba msaada wako tupate vifaa vya kuzihamishia katika kompyuta kabla hazijanyamaza. Tunaomba pia chumba kikavu chenye rafu za chuma, ambamo karatasi hizo na madaftari ya zamani ya kanisa, kwa idhini ya Baraza, vitatunzwa mahali pamoja. Kazi ya kuorodhesha tutaifanya sisi wenyewe kwa kujitolea, na tayari tumeanza na kasha la kwanza.

Nakala ya risala hii tumeitia tarehe na majina ya wote walioshiriki kuiandika, pamoja na maelezo ya nani aliona nini, nayo tutaiweka katika kasha hilo, ili atakayeisoma baada yetu aweze kutuuliza tulijuaje.

Ahsante kwa kutusikiliza. Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanafunzi wa Historia.